Fundi wa mabango wa njia ya stesheni, Tabora, na picha ya Mama Teresa wa Kalkuta

Bango la kwanza tulilipia shilingi 35,000 tukaletewa Teresa siye.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kufika tarehe 5 Septemba, sikukuu ya somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, na mimi ndiye katibu. Nilipeleka oda kwenye steshenari moja hapa mjini wanakochapa mabango ya harusi na misiba, nikaandika kwenye kipande cha karatasi: "Mtakatifu Teresa utuombee", ukubwa mita moja kwa moja na nusu. Siku ya kuchukua nikafunuliwa turubai linalong'aa, rangi zimekolea vizuri kabisa, na katikati amesimama binti wa Kizungu mwenye sura laini, vazi la kahawia, joho jeupe, mikononi msalaba na maua ya waridi. Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, huyu siye." Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Mama, kwani si Teresa? Mbona hata Kanisa Kuu ni lake?"

Mtu aliyekulia Tabora akisikia Teresa anawaza Kanisa Kuu na anawaza waridi, kwa hilo simlaumu. Huyo wa waridi ni Teresa wa Mtoto Yesu, Mfaransa wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 ndani ya monasteri yake. Somo wetu ni mwingine, Mama Teresa wa Kalkuta, yule bibi mfupi wa sari nyeupe yenye mistari ya bluu, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Upendo. Tena huyu wa pili jina alilichukua kwa yule wa kwanza. Alipoingia utawa alitaka kuitwa jina la yule Mfaransa, akakuta mwenzake mmoja ameshaitwa hivyo kwa tahajia ya Kifaransa, ndipo yeye akaliandika kwa Kihispania. Kwa hiyo kosa la steshenari lina undugu ndani yake. Pesa lakini haikurudi, na kijana aliyekataa kuirudisha hakuwa tena na ile heshima ya mwanzo. Turubai tuliwapa jumuiya jirani ambao somo wao ndiye huyo wa waridi. Walishangilia.

Ndipo mwenye bajaji mmoja akanielekeza kwa fundi ninayemwandikia haya. Anafanyia kazi chini ya mwembe, njia ya kwenda stesheni, kibanda cha mabati pembeni na ubao mrefu wa kuegemezea kazi. Umri wake naukadiria miaka sitini na kitu. Alianza kushika brashi reli, akiandika namba ubavuni mwa mabehewa, na mpaka leo herufi zake zimesimama wima vilevile. Sasa anaandika vibao vya maduka ya asali, majina ya bajaji, bei za saluni, "Hapa tunasaga na kukoboa". Ni Mwislamu wa swala tano, kofia yake ya kiua haimtoki kichwani hata siku ya kuchanganya rangi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Nani kafungua duka?"

Nikamweleza haja yangu. Hakukubali wala hakukataa. Alifuta vidole kwa kitambaa chenye tarpentaini, kimoja kimoja, akasema niende nirudi na picha tatu za huyo bibi, za umri mbalimbali, na nije na habari zake. "Sura nisiyoijua huwa inanitoka kama ya kitambulisho," akasema. "Nieleze katokea wapi, kala nini, kagombana na nani." Bei aliyotaja ni shilingi 110,000, kitambaa juu yangu, nusu mkononi. Kwenye kikao cha kamati walipiga kelele kwamba hiyo ni zaidi ya mara tatu ya turubai. Ni kweli. Nilitetea siku ile, na leo ningetetea kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo ikabidi mimi, niliyezoea kumtaja huyu mama kila jioni ya jumuiya, nikasome maisha yake kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo. Sista mmoja wa parokia aliniazima vijitabu. Nikishafunga cherehani nasoma, na kila Alhamisi naenda kukaa kwenye stuli ya Fundi namsimulia huku yeye anamalizia kazi za watu.

Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1910 Skopje, mji ambao leo ndio makao makuu ya Masedonia Kaskazini na wakati ule ulikuwa chini ya Waturuki. Kwao ni Waalbania. Nyumbani walimwita Gonxhe, maana yake tumba la ua, na ukoo wao ni Bojaxhiu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Mama yake, Drana, akaachwa na watoto watatu, akaanza kuuza nguo na kutarizi ili wale. Hapo nilisita, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na naujua mgongo wa mtu anayeamka saa tisa za usiku kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na sare za watu hazijaisha. Na pamoja na hali hiyo mezani kwa Drana alikuwa hakosekani maskini wa kula nao. Gonxhe aliondoka mwaka 1928, ana miaka 18, kwenda Ireland kujiunga na masista wa Loreto ili wamtume India. Mama yake hakumwona tena. Drana alifariki mwaka 1972 Tirana, Albania ikiwa imefungwa na serikali iliyopiga marufuku dini zote, na binti yake ambaye dunia nzima ilikuwa imeshamjua hakupata njia ya kwenda kumwona.

Fundi alikuwa anaandika kibao cha bucha. Akaacha neno nusu. "Hakumzika mama yake?" Nikamwambia hakumzika. Akakaa kimya, kisha akaomba ile picha niliyoleta ya usichanani ibaki kwake. Aliibandika kwenye bati la kibanda kwa gundi ya unga, na bado ipo pale.

Alhamisi ya pili tulifika kwenye treni, na hapo simulizi ikawa yake. Teresa alifika India Januari 1929. Baada ya unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya utawa, alifundisha jiografia na historia katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Entally, mjini Kalkuta, na mwaka 1944 akawa mwalimu mkuu. Nje ya ukuta wa shule ilipita njaa kubwa ya Bengali ya mwaka 1943. Agosti 1946 watu wa mji huo waliuana kwa sababu ya dini, maiti barabarani, chakula hakiingii mjini. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Septemba, akiwa kwenye treni kwenda Darjeeling kwa mafungo ya kiroho, akasikia ndani yake ameitwa mara ya pili: atoke shuleni akaishi na maskini kuliko wote, aishi kama wao. Fundi alitaka kujua treni yenyewe ni ya njia pana au nyembamba. Wiki iliyofuata nilimpelekea jibu, kwamba reli ya kupandia milima ya Darjeeling ina upana wa sentimita 61 tu, wakati hii yetu ya zamani tuliyozoea ni mita moja. Alipima sentimita 61 kwa futi yake juu ya ubao, akacheka kwa furaha, akasema behewa la hivyo mtu na jirani yake wanagusana magoti, huwezi kujificha ukilia.

Mimi kilichonigusa ni kungoja. Aliitwa mwaka 1946, akatoka shuleni Agosti 1948. Katikati ni barua: kwa padre wake wa kiroho, kwa askofu mkuu wa Kalkuta ambaye hakutaka haraka, kwa wakubwa wa Loreto, kwa Roma. Karibu miaka miwili mtu anaendelea kusahihisha madaftari ya jiografia na ndani ana neno hilo. Nawajua wanawake wa jumuiya yangu wanaoweza kungoja hivyo. Hawazidi wawili.

Akaenda kwanza Patna kujifunza uuguzi kidogo kwa masista wa hospitali, akarudi Kalkuta Desemba 1948, akaingia Motijhil, mtaa wa mabanda uliopakana na shule yake ya zamani. Hakuwa na darasa, hakuwa na ubao wala chaki. Aliokota kijiti, akainama, akaandika herufi za Kibengali ardhini, watoto wamechuchumaa wanamzunguka.

Nilipomaliza sentensi hiyo Fundi aliweka brashi kwenye kopo. Akashuka kwenye stuli, akachukua kijiti cha mwembe, akaandika alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu, kwenye vumbi, moja tu, imenyooka. "Mimi yangu ya kwanza niliiandika hivi, chuoni, mchangani," akasema. "Mwalimu anapitisha mguu, anafuta, unaandika tena. Huyu bibi sasa nimempata."

Kuanzia hapo alitaka picha iwe hiyo, mama ameinama na kijiti. Mama Mwenyekiti wetu alikataa katakata. Alisema waamini watauliza ni nani huyo anayechimba, na somo lazima aonekane uso. Nilikwenda na kurudi kati yao kwa siku nne kama mshenga. Mwisho ikakubalika uso uwe mkubwa juu, na chini kulia, sehemu ya ukubwa wa sahani, aje yule mwalimu wa Motijhil na watoto watano. Ukiliona bango leo, watu wazima wanatazama juu na watoto wote wanatazama chini kulia.

Habari za shirika lenyewe nilimpitisha haraka, kwa sababu mchoraji hachori tarehe. Machi 1949 alikuja mwanafunzi wake wa zamani, Subhasini Das, akachukua jina la Agnes, ambalo ndilo jina la ubatizo la mwalimu wake. Wakaongezeka. Tarehe 7 Oktoba 1950 Kanisa likalikubali shirika rasmi, na wao hawakuzidi dazeni moja na kidogo. Pamoja na nadhiri tatu za watawa wote, ufukara, useja na utii, wana ya nne ya kuwahudumia maskini kuliko wote kwa moyo wote na bila malipo. Alipofariki tarehe 5 Septemba 1997 masista walikuwa karibu 4,000 katika nchi 123. Mahali pamoja tu Fundi alinisimamisha, kwenye nyumba ya Kalighat iliyofunguliwa mwaka 1952 kwenye jengo la mahujaji karibu na hekalu la Kali, ambako waliletwa watu waliookotwa barabarani wakikata roho.

"Mwislamu akifia humo?"

Nikamwambia Mwislamu alisomewa Kurani, Mhindu akapewa maji ya mto Ganges, Mkatoliki akapakwa mafuta. Alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye kazi yake. Alhamisi ile hakunidai pesa ya rangi nyeupe iliyokuwa imeongezeka.

Sasa niseme juu ya sari, maana hapo mimi na yeye tulikutana fundi kwa fundi. Sari ya Wamisionari wa Upendo ni pamba nyeupe yenye mistari mitatu ya bluu pembeni, mmoja mpana na miwili myembamba. Zinafumwa Titagarh, nje ya Kalkuta, na watu waliougua ukoma, kwenye vitanda vya kufumia vya kituo cha shirika hilo hilo. Nilipolijua hilo nililala nalo: mkono ambao watu waliogopa kuushika ndio unaomvika sista. Picha nyingi zilizochorwa na kuchapwa huku kwetu zinaweka mistari mitatu sawasawa kama ya jezi. Nilimwambia Fundi hilo siwezi kulivumilia. Akanijibu kwamba upana si tatizo, tatizo ni mkunjo, kwamba mstari ukipita kichwani, ukashuka shavuni, ukageukia begani, unapotea na kurudi, na kwenye picha nilizoleta hauonekani vizuri kwa sababu karatasi imefifia.

Nikarudi nyumbani. Nikakata mita mbili na nusu za marekani nyeupe, nikashona utepe wa bluu ukingoni, mmoja wa sentimita tatu na miwili ya sentimita moja moja, nikapiga pasi. Alhamisi nikajitanda pale pale chini ya mwembe, nikakaa kwenye stuli, uso nimeugeuza kidogo kushoto. Nilikaa saa moja na dakika arobaini. Wapita njia walisimama. Mama muuza karanga alinisalimia "Tumsifu Yesu Kristo, Sista" nikaitikia "Milele amina" bila kutikisa shingo. Fundi alipaka uzi chaki, akauvuta juu ya kitambaa cha bango, akauachia ukapiga, akapata mistari ya kumwongoza, kisha akafuta kila mahali ambapo marekani yangu ilikunja. Bluu yake aliichanganya mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kibao cha zahanati, ya pili ikawa nyeusi mno kivulini, ya tatu aliiongeza tone la nyeupe kwa ncha ya kisu, ndiyo ikakaa. Kwenye bega la kushoto akaweka msalaba mdogo, na akachora hata pini inayoushika, hizi hizi tunazobania nepi, na mng'ao mdogo kwenye chuma. Pini hiyo huioni ukiwa mbali. Ukienda karibu kubusu bango ndipo unakutana nayo.

Siku hiyo ya kujitanda ndiyo niliyomweleza kwamba masista hawa walifika kwetu. Nyumba yao ya kwanza nje ya India ilikuwa Venezuela mwaka 1965. Mwaka 1968 wakafungua Roma, na mwaka huo huo wakafungua Tabora, ya kwanza Afrika. Askofu Mkuu wetu wakati ule alikuwa Marko Mihayo. Wengi wa jumuiya yangu hawakulijua hili, na mimi mwenyewe nililisikia kwa bibi yangu kama kisa cha nyumbani tu. Bibi alikuwa akisema, "Wahindi wa dukani tuliwazoea. Wahindi wa kufua nguo za wagonjwa ndio tuliwaona kwa hao masista." Alikuwa anawaita "wenye mistari", hakujua jina la shirika.

Brashi ikasimama. "Kumbe ndio wale?" Fundi akasema. Alikuwa mtoto wa darasa la pili hivi. Aliwaona wakibeba ndoo, wawili ndoo moja, wamepitisha fimbo katikati, na yeye na wenzake wakawafuata nyuma wakihesabu mistari kwenye nguo zao kwa sauti: moja, mbili, tatu. Miaka yote hiyo hakujua ni wa nani. Nilimwona macho yamejaa, akainamia kopo la rangi.

Uso ulichukua muda kuliko vyote. Rasimu ya kwanza alimchora anacheka vizuri, kama anavyoonekana kwenye picha nyingi. Nikamweleza jambo ambalo mimi mwenyewe lilinisumbua niliposoma. Tangu shirika lilipoanza, kwa miaka karibu hamsini, pamoja na kipindi kifupi cha nafuu katikati, huyu mama hakuwa anamsikia Mungu ndani yake. Aliwaandikia mapadre wake wa kiroho kwamba ndani ni giza na ukavu, akaomba barua hizo ziteketezwe. Hazikuteketezwa, zikachapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Na asubuhi aliamka saa kumi na dakika arobaini akaenda kanisani na wenzake kila siku. Nilimsimulia Fundi nikiwa na hofu kwamba nitamwondolea heshima ya somo wetu. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata nilikuta mdomo ni ule ule unaocheka, lakini chini ya macho ameweka kahawia iliyokolea, na jicho la kulia halitutazami, linatazama pembeni kidogo, chini, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mama Mwenyekiti aliponiuliza mbona ana huzuni, nilimsimulia na yeye. Akakaa kwenye benchi la kanisa, akasema, "Basi kumbe hata mimi." Sitaandika zaidi ya hapo, ni mambo yake.

Kuna dada wa jumuiya yetu ambaye ni muuguzi, naye alisimama kikaoni akasema tusimchore huyu mama kana kwamba hakuna aliyemkosoa. Miaka ya 1990 watu waliofika nyumba ya Kalkuta, wakiwemo madaktari, walieleza kwamba dawa za maumivu zilikuwa haba, na wengine kwamba usafi wa sindano haukutosha. Wengine walikasirika dada aliposema, mimi nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Maoni yangu ni haya: mwaka 1952 aliyelazwa Kalighat alikuwa ametolewa barabarani baada ya hospitali kumkataa, na kitanda, maji na mkono wa mtu vilikuwa vingi kuliko alichokuwa nacho asubuhi. Lakini shirika ambalo mwanzilishi wake alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1979, na lililopata michango kutoka kila pembe, linaweza kuulizwa swali la dada huyo, na kuulizwa hakumvui mtu utakatifu. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016 watu wakiwa bado wanauliza.

Maneno ya kuandika yalileta mjadala mfupi. Kamati ilikuwa na sentensi ndefu ya mistari minne. Fundi alisema mistari minne ni ya tangazo la mnada. Sista ndiye aliyetuokoa. Alituambia kila kikanisa cha Wamisionari wa Upendo, popote duniani, kina maneno mawili ukutani pembeni ya msalaba, ya Yesu kabla hajakata roho: "Naona kiu". Hapa Tabora maneno hayo hayahitaji mahubiri. Sote tuliokomaa tunaikumbuka Septemba kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia, ndoo zimepangwa kisimani tangu usiku na mtoto analia midomo imepasuka. Fundi aliyaandika kwa herufi zake za behewa, bluu ile ile ya mstari mpana, hakuweka nakshi yoyote.

Sasa habari za kazi kwa anayetaka kumpa oda. Kitambaa mpelekee marekani nzito, si ile nyepesi ya bitana. Anaipaka kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya maji, mara tatu, kila mara inakauka siku nzima, ndiyo sababu kazi yake haipasuki ukiikunja kwenye fito. Simu yake mara nyingi haina chaji, afadhali uende mwenyewe. Ijumaa baada ya saa sita usimtafute. Risiti hana, anaandika kwenye daftari na wewe unatia sahihi, na daftari lake ni la kweli kuliko risiti nyingi nilizowahi kupewa. Alichelewa siku tano zaidi ya ahadi. Nililalamika, alikubali kosa, hakutafuta sababu. Rangi ya mafuta inanuka: bango letu lililetwa tarehe 2 Septemba na siku ya misa walioketi mbele walilalamika kichwa, hasa mama mmoja mjamzito tuliyemhamishia mlangoni. Mpe kazi yako mapema, mwezi mmoja na nusu au miwili kabla, ikae nje ipate upepo. Na nenda na habari za mtu wako. Ukienda na jina tu atakurudisha, kama alivyomrudisha kijana wa kwaya moja wiki iliyopita, nikashuhudia.

Siku ya somo alikuja. Hakuingia kanisani, alisimama ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha mwembe mwingine, kanzu safi, akatazama maandamano. Nilidhani anatazama uso aliouchora. Kumbe alikuwa anatazama chini: fito ya chini ilikuwa nyepesi, upepo wa Septemba ukawa unaikunja, na wale watoto wa Motijhil wanafichwa. Jumatatu asubuhi nilipofika parokiani nilimkuta na fito ya mninga begani na nyundo mfukoni. Aliibadilisha pale pale, akapiga misumari minane, akasogea nyuma hatua kumi kuhakikisha watoto wote watano wanaonekana, akakataa hata nauli.